Uwanja wa Walioridhika

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo jina lake lilikuwa bado linasubiri kibali, kulikuwa na kitongoji kikiitwa Viwanja Saba. Kiliitwa hivyo kwa sababu kilikuwa na uwanja mmoja. Vingine sita vilikuwa vimepatwa na maendeleo. Mmoja ulipata kituo cha mafuta, mwingine ukapata maghorofa yenye mageti yanayofunguka yenyewe, mwingine ukapata mahali pa kuoshea magari ya wenye maghorofa, na kadhalika. Ule mzuri kuliko vyote, wenye nyasi laini na kivuli pembeni, ndipo yalipojengwa makao makuu ya Mamlaka ya Kulinda Viwanja. Wananchi walipouliza kulikoni, waliambiwa kwamba ulinzi wa mbali haufai.

Basi watu wote wa Viwanja Saba, na walikuwa wakiongezeka kila siku kwa malori ya vyombo, wakabaki na uwanja mmoja wenye vumbi, mashimo, na magoli yasiyolingana urefu. Vijana waliutaka kwa mpira wa miguu. Shule ya udereva iliutaka kwa kufundishia kurudi nyuma. Wenye harusi waliutaka kwa maturubai, wahubiri kwa mikutano, wenye mbuzi kwa mbuzi. Klabu ya Veterani, yaani mabwana wa maghorofani wanaocheza robo saa na kuchoma nyama jioni nzima, waliutaka kwa ajili ya afya zao. Na Mwalimu Salhina aliutaka kwa ajili ya Nyuki.

Nyuki ilikuwa timu yake ya wasichana, ya mpira wa pete. Mwalimu Salhina alikuwa mwanamke mwembamba, filimbi shingoni, khanga kiunoni, na sauti ya kuamsha mtaa. Aliamini mambo mawili tu hapa duniani: kwamba mpira haurushwi kabla miguu haijatulia, na kwamba msichana asiye na adabu, hata afunge mabao yote, ni hasara kwa mama yake. Kwa hiyo kabla ya mazoezi Nyuki walijipanga mstari na kuamkia kila aliye uwanjani. Waliwaamkia wahubiri, wakawaamkia wachunga mbuzi, wakawaamkia hata wanafunzi wa udereva waliokuwa wakiwarudia kinyumenyume.

Mfungaji wao aliitwa Kuruthumu. Asubuhi aliponda kokoto pamoja na bibi yake, jioni alifunga mabao, na mkono uliozoea nyundo haukosei pete. Kokoto zile ziliuzwa kwa wajenzi wa maghorofa, na maghorofa yalijengwa juu ya viwanja, kwa hiyo mtoto yule alikuwa akiponda kila asubuhi kile alichokihitaji kila jioni. Yeye hakuliona hilo. Alikuwa na jambo moja kichwani. Timu ya Forodha ya Taifa ilikuwa imetuma neno kwamba kocha wake angekuja kutazama fainali ya mkoa, itakayochezwa Viwanja Saba, na mfungaji atakayempendeza angeajiriwa papo hapo: sare, mshahara, kitanda cha bwenini, na matibabu ya bibi. Bibi alikuwa anakohoa vumbi la mawe, na kikohozi chenyewe kilikuwa hakisikii tangawizi tena.

Alichotakiwa Kuruthumu ni mazoezi tu. Na mazoezi yalitaka uwanja.

* * *

Nchi ile haikuwa ya washenzi. Ilikuwa na Wizara ya Uwiano, na Waziri wake, Mheshimiwa Ngoda Makwinya, aliposikia kwamba watu wa Viwanja Saba wanagombania uwanja, alikuja mwenyewe kuwapatanisha kwa hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema, jasho likimtiririka chini ya tai, "haki ni nini? Haki ni manung'uniko yaliyogawanywa sawasawa! Anayenung'unika amepunjwa. Asiyenung'unika amezidishiwa, na ile ziada yake ni mali ya yule anayenung'unika. Hii ni sayansi, ndugu zangu. Niliigundua mimi mwenyewe, nikiwa bafuni."

Watu wakapiga makofi, maana makofi yalikuwa yamewekwa mahali hapo kwenye ratiba.

Ikaamuliwa kwamba Afisa Uwiano wa Mamlaka ya Kulinda Viwanja atakuwa anapita uwanjani kuwapima watumiaji mmoja mmoja. Kipimo chenyewe kilikuwa swali moja. Wataalamu walikuwa wamependekeza maswali mengi, ila fungu la maswali liliishia kwenye semina ya kuyaandaa, huko ufukweni. Lililosalia likawa lile lisilo na gharama, ambalo kila mtu analo mdomoni tangu utotoni. Afisa angeuliza: "Habari za uwanja?" Atakayejibu vizuri apunguziwe saa. Atakayejibu vibaya aongezewe.

Msomaji, huenda umeshaona shimo lilipo. Watu wa nchi ile walikuwa na mila moja, ambayo bila shaka kwenu haipo. Mtu akiulizwa habari, hujibu nzuri. Nyumba inaungua, habari? Nzuri. Ametoka kumzika mume, habari? Nzuri, tunashukuru Mungu. Shida husemwa baadaye, mgeni akishakaa, akishapewa maji, akishauliza mara ya pili na ya tatu. Kuanza na shida ni utovu wa adabu, ni kama kumtwisha mtu gunia mlangoni. Watu wote wa kitongoji walilelewa hivyo, isipokuwa wale wa maghorofani, waliokuwa na mageti, na kwa hiyo hawakuwa wakipata wageni.

* * *

Afisa Uwiano aliitwa Bwana Theobald Kinyaka. Alikuwa mtu mpole, wa mwavuli mweusi na viatu vinavyong'aa, na kwa kweli hakumchukia mtu yeyote. Siku ya kwanza aliingia uwanjani wakati Nyuki wanafanya mazoezi, akamkuta Kuruthumu karibu na nguzo.

"Habari za uwanja, binti?"

"Mbaya," akasema Kuruthumu, ambaye alikuwa amepungukiwa pumzi na hakuwahi kufikiri. "Hapo chini ya pete pana shimo, Semeni kateguka kifundo jana. Na hawa wenye magari wanatupigia honi tukiwa tunalenga."

Uso wa Bwana Kinyaka ukachanua. Alikuwa amezunguka tangu asubuhi bila kupata jibu la maana. Akafungua mdomo amuulize timu yake inataka saa ngapi.

Lakini Mwalimu Salhina alikuwa ameshasikia. Alitoka upande wa pili wa uwanja mbio, khanga mkononi.

"We Kuruthumu! Ndivyo unavyompokea mgeni? Hajakaa hata kitini, ushamtwisha mashimo yako! Nani kakulea wewe, mbuzi?" Akamgeukia Afisa, akainama kidogo. "Utusamehe baba. Watoto wa siku hizi. Haya, piga goti, umwamkie upya."

Kuruthumu akapiga goti kwenye vumbi. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema Bwana Kinyaka kwa huzuni. "Habari za uwanja?"

"Nzuri."

"Nzuri tu?"

Mtoto akamtazama mwalimu wake. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Nzuri sana. Tunashukuru Mungu."

Bwana Kinyaka akashukuru naye, akakunjua mwavuli wake, akaenda zake. Kuruthumu akazungushwa uwanja mzima akiruka kichura, iwe fundisho, na wenzake wakahesabu kwa sauti. Kesho yake kipaza sauti cha Mamlaka kilitangaza kwamba Nyuki wamepimwa na kukutwa wameridhika kupita kiasi, hivyo nusu ya jioni zao zimechukuliwa na kupelekwa kwa wenye dhiki. Wenye dhiki walikuwa Veterani.

* * *

Veterani walilielewa somo mapema. Mwenyekiti wao, wakili mmoja wa kitambi aitwaye Edmund Lutashoba, hakusubiri hata kuulizwa. Alipoona mwavuli unaingia kwa mbali alijitupa chini.

"Tunakufa!" alilia. "Tunakufa, Afisa, wake zetu watabaki wajane!"

Nyuma yake wenzake wakagaagaa, wakiangalia wasichafue soksi. Walikuwa wamemkodi na mama mmoja mzoefu wa kulia misibani, akakaa kwenye kiti cha plastiki akipasua anga, na kila alipopumzika walimpa mshikaki. Bwana Kinyaka alitokwa na machozi ya kweli. Wakaongezewa Jumatatu, mara wakaongezewa na Jumanne, na walipolia kwamba Jumanne inawachosha, wakafidiwa kwa Jumatano.

Hawakuzitumia. Walicheza Jumapili tu, tena robo saa. Siku nyingine zote jioni zao zilikaa uwanjani peke yake, tupu, na ili zisiibwe walifunga mnyororo langoni na kumweka mlinzi mwenye kirungu. Nyuki walisimama nje ya mnyororo na mpira wao, wakamwamkia mlinzi.

* * *

Mwalimu Salhina hakuwa mjinga. Alifunga khanga yake vizuri akaenda Mamlaka kudai haki.

Getini askari akamwambia, "Karibu Mwalimu, habari za nyumbani?"

"Nzuri baba."

Mapokezi dada mmoja mwenye kucha ndefu akamwambia, "Karibu mama, habari za kazi?"

"Salama, mwanangu."

Kwenye ngazi akapishana na mhasibu. "Habari za siku nyingi?" Nzuri. Kwenye korido mfagiaji akaegemeza ufagio. "Za watoto?" Hawajambo, wote wazima. Mlangoni kwa Bwana Kinyaka karani akasimama kwa heshima. "Afya?" Njema kabisa.

Bwana Kinyaka alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akatoa miwani na kuifuta.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu. Lakini umeingia jengo hili la serikali ukasema nzuri getini, ukasema salama mapokezi, na karani wangu hapo nje anasema afya yako njema kabisa. Halafu mbele yangu unasema mnaonewa. Sasa nimwamini nani, wewe au wewe?"

"Zile ni salamu tu, Bwana Afisa."

"Getini ni ofisi, Mwalimu. Ngazi ni ofisi."

"Kwa hiyo nikikutana na mtu nimwambieje? Nimtukane?"

"Umwambie ukweli," akasema Bwana Kinyaka, na akasema kwa upole sana. "Serikali haiwezi kufanya kazi na watu wanaoficha."

Mwalimu alitoka pale amepoteza jioni mbili. Alipofika getini askari akamuuliza, "Umefanikiwa Mwalimu?" naye akajibu, "Tumefanikiwa baba, asante," ikaondoka na ya tatu.

* * *

Ndipo akaanza kuwafundisha Nyuki kusema mbaya. Aliwakusanya darasani baada ya masomo, akajipa moyo, akasimama mbele yao kama kawaida yake.

"Mimi ndiye Afisa. Habari za uwanja?"

Wasichana wakatazamana, wakaziba midomo na kucheka. Mmoja akasema "mbaya" kwa sauti ya panya kisha akaficha uso kwenye dawati. Mwingine alisema vizuri ila akamalizia na samahani. Semeni alisema akalia, akidhani ameapiza mtu. Kuruthumu hakusema kabisa.

"Na wewe vipi?"

"Mwalimu, ulinirusha kichura uwanja mzima kwa neno hilo."

Mwalimu Salhina alihisi aibu, na kwa kuwa hakuizoea alimkaripia Kuruthumu kwa kuketi vibaya.

Mwavuli wa Afisa uliporudi, Mwalimu aliamua kulibeba neno hilo mwenyewe. Alisimama mbele ya wasichana wake, miguu imetulia. Bwana Kinyaka akamuuliza habari za uwanja. Mama wa watu aliona uso wa mgeni, mpole, wenye jasho, umetoka juani, na ulimi ukamsaliti.

"Nzuri, ila..."

Bwana Kinyaka akainua mwavuli. "Ahsante. Sheria inasikiliza neno la kwanza. Fungu la maneno ya pili bado halijapitishwa."

Wakabaki na saa moja kwa wiki, Alhamisi, jua likiwa linazama. Nayo ilikuwa na mtu.

* * *

Mtu mwenyewe alikuwa Klabu ya Mkuki ya Wafanyakazi wa Mamlaka. Watumishi wale, kwa kukaa sana kwenye viti vya kuzunguka, walikuwa wamepata maumivu ya mgongo, na daktari aliwashauri warushe kitu. Hawakuwa na uwanja, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameujengea ofisi. Walijiuliza wenyewe habari, wakajijibu wenyewe mbaya, wakajigawia Alhamisi.

Wengine wangeona mgongano. Mheshimiwa Makwinya aliona fursa. Alisema kwenye redio: "Ndugu wananchi, mahindi na maharage hukaa shamba moja na hayajawahi kufikishana mahakamani. Kwa nini mpira wa pete na mkuki vishindwe? Kuanzia leo tunaingia zama za Michezo Mseto!"

Kwa hiyo kila Alhamisi Nyuki walicheza upande huu, na mikuki ilitoka upande ule. Wahasibu ndio waliokuwa hatari zaidi, maana walifumba macho. Mwalimu Salhina alibuni filimbi mpya: mlio mfupi kwa faulo, mlio mrefu kwa mkuki, na wasichana wakawa wepesi ajabu. Wageni waliopita walisema hawajapata kuona timu inayobadili upande haraka namna ile. Kuruthumu alijifunza kufunga huku amegeuza uso angani. Fainali ilikuwa imekaribia, na kila mtu mtaani alijua kwamba Forodha wakimwona wataondoka naye. Bibi alishamfulia nguo ya safari.

Alhamisi ya mwisho kabla ya fainali, Bwana Kinyaka alirusha mkuki ambao haujapata kurushwa na mtumishi yeyote wa Mamlaka. Ulipaa vizuri, ukakaa juu kwa muda, na Mwalimu Salhina akapuliza filimbi ndefu mpaka pumzi ikamwishia. Kuruthumu alikuwa ameshaushika mpira, miguu imetulia kama alivyofundishwa, analenga. Hakuiondoa. Mpira ukaingia kwenye pete na mkuki ukaingia kwenye mguu wake, chini kidogo ya goti.

Bwana Kinyaka alikuja mbio, akiwa na wasiwasi wa kweli, kwani mkuki ulikuwa mpya.

"Msiuguse!" aliwaambia. "Tupime kwanza."

Wakaleta utepe wa kupimia, wakaunyoosha kutoka mstarini mpaka kwa mtoto aliyelala, na wahasibu wakashangilia kwa sababu ilikuwa rekodi. Wakampiga Bwana Kinyaka mabegani. Ndipo, kwa kuwa alikuwa mstaarabu, akainama akamwekea kivuli kwa mwavuli wake.

"Habari yako, binti?"

Kuruthumu alikuwa amekauka midomo. Akamtazama huyo mtu mzima aliyeinama mbele yake.

"Nzuri," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema Bwana Kinyaka, akachomoa mkuki wake.

Jioni hiyohiyo kipaza sauti kilitangaza kwamba Michezo Mseto imefanikiwa, na kwamba mwanamichezo aliyehusika amethibitisha kwa kinywa chake.

* * *

Walimpeleka hospitali kwa toroli la kokoto. Lango la karibu lilikuwa na mnyororo wa Veterani, na mlinzi alisikitika sana, akawaelekeza njia ya kuzunguka. Kidonda kikaingia vumbi, kikavimba, kikaoza, na madaktari wakaukata mguu juu ya pale ulipochomwa.

Fainali ilichezwa bila yeye. Kocha wa Forodha alikuja, akakaa kwenye benchi, akaona mpira wa Nyuki ukigonga nguzo na kurudi. Kabla ya kipindi cha pili saa ya Nyuki ikaisha, mnyororo ukafungwa, na ushindi wakapewa wageni. Kocha aliuliza yule mfungaji anayesifiwa yuko wapi. Alipoambiwa akasema pole, akapanda gari lake.

Usidhani nchi ile haikuwa na huruma. Waziri wa Uwiano alipopata habari aliguswa. Alitangaza kwamba katika ofisi za Forodha kuna nafasi moja ya kazi ya kukaa getini na kufungua kizuizi kwa kamba, kazi isiyohitaji miguu, yenye sare, mshahara na matibabu ya familia, nayo ameitenga kwa mwananchi mwenye dhiki kuliko wote wa Viwanja Saba. Angekuja mwenyewe uwanjani kumtafuta, kwa kipimo kilekile cha kisayansi.

Mtaa mzima ulijua nafasi ni ya nani. Hata Veterani walijua, ingawa Bwana Lutashoba aliandaa mpwa wake, kijana aliyevunjika ukucha.

Mwalimu Salhina alikwenda hospitali akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa na filimbi.

"Mwanangu, utaulizwa habari. Sema mbaya. Neno moja tu. Nakuomba."

"Nitajaribu, Mwalimu."

"Usijaribu! Sema!" Akashika pale palipokuwa na shuka tupu. "Mimi nilikukosea. Nilikufundisha vibaya. Umesikia? Vibaya."

Kuruthumu alitazama kando. Alikuwa hajawahi kumwona mwalimu wake analia, na aliona haya kwa niaba yake.

* * *

Siku ya Waziri, uwanja ulifagiliwa na mashimo yakafunikwa kwa mazulia. Kuruthumu aliletwa na magongo yake, akasimama mbele kabisa na Nyuki wenzake, bibi yake nyuma akikohoa kwenye kiganja. Veterani walikuwa wameshaanza kulia tangu asubuhi, kwa zamu.

Mheshimiwa Makwinya alishuka, akapungia, akawaendea Nyuki moja kwa moja. Kwa itifaki alianza na mkubwa wao.

"Mwalimu, habari za hapa?"

Mwalimu Salhina alikuwa hajalala, alikuwa akilinoa neno hilo. Miguu ikatulia.

"Mbaya!" akapaza. "Mbaya, Mheshimiwa! Mbaya tangu siku ya kwanza!"

Mpaka mama wa kukodi akakatiza kilio. Wanawake wakashika vinywa, wazee wakatazama viatu vyao, na mtu akasikika akisema, "Jamani, Mwalimu kachanganyikiwa, mshikeni." Mbele ya mgeni! Hajapewa hata maji!

Mheshimiwa akarudi nyuma hatua. Kwa miaka yake yote ya uwaziri hakuna mtu maskini aliyewahi kumjibu hivyo. Mdomo wa chini ukaanza kumtetemeka.

"Mbaya?" akasema. "Mimi nimetoka mjini, na jua hili. Sijanywa hata chai." Akatoa leso, akajifuta jicho, na watu wakaguna kwa kumwonea huruma. Mzee mmoja wa maana akamletea kiti. Waziri akaketi, akapenga kamasi kwenye leso, kisha akamgeukia aliyekuwa karibu naye.

"Na wewe, binti," akasema kwa sauti inayokatika. "Na wewe utaniambia mbaya?"

Kuruthumu alimtazama yule mtu mzima, mgeni, analia mbele za watu. Akamtazama mwalimu wake, aliyekuwa akitikisa kichwa kwa nguvu, midomo ikisema neno lile bila sauti. Hakuwa na hasira naye. Alimhurumia, kwa kuwa amejiaibisha.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mgeni ndio kwanza amekaa kitini."

Akaegemeza gongo moja kwenye bega la Semeni, akajishusha kadiri alivyoweza, kwa sababu kupiga goti alilobakiwa nalo kulitaka ustadi.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nzuri. Tunashukuru Mungu."

Watu wakapiga makofi ambayo hayakuwa kwenye ratiba. Wengine walitokwa na machozi. Walisema, huyo ndiye mtoto aliyelelewa, na wakampongeza bibi yake kwa kumshika mikono. Waziri akafurahi, akasimama, akamsifu kwa dakika nyingi: akasema nchi inayo mfano, msichana wa mguu mmoja aliyeridhika, na kwamba uwanja ule tangu leo uitwe Uwanja wa Kuruthumu. Kwa kuwa ameridhika, saa ya Alhamisi iliyosalia ikapelekwa kwa Veterani. Kazi ya getini ikapewa mpwa mwenye ukucha.

* * *

Uwanja wa Kuruthumu upo mpaka leo. Umezungushiwa uzio mzuri, na jina limeandikwa kwa herufi kubwa za bluu zinazosomeka kutoka barabarani. Ndani hamna mtu siku za wiki.

Kuruthumu hakukosa kazi. Kuponda kokoto kunafanywa kwa kukaa, na aliyekaa hahitaji miguu. Bibi alipofariki alilirithi rundo lote. Kokoto zake ndizo zilizotumika kujengea nguzo za ule uzio, na wajenzi walimsifu kwamba anaponda saizi moja.

Mwalimu Salhina hupita hapo kila jioni akitoka shule. Angeweza kuzunguka kwa njia ya kituo cha mafuta, lakini hazunguki. Kuruthumu akimwona anakuja huweka nyundo chini, akajifuta vumbi usoni kwa nyuma ya mkono, akakaa sawa.

"Shikamoo, Mwalimu. Habari za jioni?"

Mwalimu husimama. Kila siku husimama, na kila siku hufungua mdomo.

"Marahaba," husema. "Nzuri, mwanangu." Kisha hupita.